Pini Kumi na Nane na Tundu Moja

Ofisi kuu iko River Road, ghorofa ya tatu,
juu ya muuza vipuri, chini ya kanisa la saa saba.
Ukutani kuna ramani ya Nairobi, imeshikwa kwa selotepu,
na mimi, Mutheu, ndiye mtunza pini.

Pini nyekundu ni tawi lenye gari.
Ya buluu ni tawi lenye ubao tu, na mwalimu,
na madawati manne ya kuazima.

Bwana Gathogo, mwenye mali, huja Jumatatu.
Hurudi nyuma hatua tatu, hufumba jicho moja
kama fundi anayepima ukuta kwa timazi.
"Kayole tuko. Umoja tuko. Mashariki tumejaa.
Huku magharibi, Mutheu, mbona upara?"

Simjibu. Anajua.
Huko Karen mtoto hufunzwa na dereva wa babake
kwenye changarawe ya nyumbani,
lango limefungwa, mbwa wamefungiwa.
Anayetafuta riziki ya usukani
haishi jirani na usukani.
Kwa hivyo pini zetu hufuata kodi ya nyumba:
inaposhuka, sisi tunaota.

Zimmerman, juu ya kinyozi.
Githurai, nyuma ya wauza ndizi,
ambako kurudi nyuma ni mtihani
hata kwa mwenda kwa miguu.
Pipeline, ambako ghorofa zimebanana
hadi jua linafika kwa zamu;
mwalimu hufundisha taa kubwa saa sita mchana
na mwanga unaonekana ukutani.

Na kila tawi lina mji uleule:
ubao uliopakwa lami ya rangi nyeusi,
vigari vya plastiki, mzunguko mmoja katikati.
Mwanafunzi husukuma kigari kwa kidole, akikariri:
natazama kioo, nawasha kiashiria, naingia leni ya kushoto.
Mji huo hauna shimo wala mbuzi,
hauna mtu anayevuka na godoro kichwani.
Sijawahi kumwona askari ndani yake.
Nikiupangusa vumbi huwa natamani kuuliza
kodi ya chumba ni pesa ngapi.

Pangani ilikuwa pini ya kwanza.
Mwalimu Ogolla alifundisha pale miaka ishirini na miwili,
mpaka wakaja vijana wa kamba na vigingi,
wakachora alama ya X mlangoni, nyekundu kama herufi L yetu.
Barabara ilikuwa inapanuliwa.
Shule ya udereva ikabomolewa ipishe barabara.
Bwana Gathogo alicheka hadi akakaa chini,
na wiki ile nzima hakucheka tena.

Ogolla akapewa Utawala, pini ya buluu,
baadaye nikambadilishia nyekundu.
Huja kuchukua risiti mwisho wa mwezi.
Mara moja tu ndipo alipoitaja Pangani,
akiwa anahesabu makaratasi, bila kuinua macho:
"Kila asubuhi napita juu ya darasa langu.
Penye nguzo ya tatu ndipo ubao ulipokuwa.
Nikifika hapo nawasha kiashiria.
Walio nyuma yangu wanapiga honi. Sikati kona."

Tundu la Pangani sijaliziba.
Karatasi imechanika kidogo pembeni mwake,
na kwa karibu ukuta unaonekana, kijani cha zamani.
Pini yenyewe iko kwenye droo yangu,
pamoja na vifutio na dawa ya kichwa.

Miaka kumi na mmoja napanda magari ya shule hii kwenye ramani,
na sijui klachi iko upande gani.
Ijumaa nilimwambia Ogolla anifunze.
Akafungua kitabu cha majina, akalamba kidole:
"Nikuandikishe tawi gani?"

Nikaweka kidole kwenye tundu.

Alikaa kimya, kalamu imesimama hewani.
Kisha akaandika, polepole, kwa herufi kubwa,
akaniambia nije na viatu vya chini.